Ujumbe wa Ramadhani wenye jina la Bukhari: wanazuoni huijuaje hadithi iliyo sahihi?

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mkaazi wa Wete, Pemba, nasomesha watoto chuoni baada ya laasiri. Kila Shaaban ikielekea ukingoni huingia simuni ujumbe huu: "Mtume (SAW) amesema: Atakayekuwa wa kwanza kuwapa watu habari ya kuingia Ramadhani, moto wa Jahannamu ni haramu kwake. Imepokewa na Bukhari." Mwaka huu nikasema kwenye kundi la familia kwamba mimi hadithi hii sijapata kuiona kitabuni. Ami yangu akaniuliza, kwani maana yake ina ubaya gani? Mdogo wangu wa kiume, anasoma Dar es Salaam, naye akatia lake: hadithi zote ndivyo zilivyo, watu wamepashana midomoni, zikaja kuandikwa miaka 200 baada ya Mtume. Sikuwa na la kumjibu. Wanazuoni wanajuaje kwamba hii ni sahihi na hii siyo?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh.

Ukhti, tuanze na ujumbe wenyewe tuumalize. Haumo katika Sahihi ya Bukhari. Haumo katika Muslim, Abu Daud, Tirmidhi, Nasai wala Ibn Majah, haumo katika Muwatta wa Imam Malik wala Musnad wa Imam Ahmad. Wala usiuite hadithi dhaifu, utakuwa umeupa heshima. Hadithi dhaifu ina wenyewe: fulani kasikia kwa fulani, tukamchunguza tukamkuta na kasoro. Ujumbe huu hauna mtu. Na hayo maneno "Imepokewa na Bukhari" hayamfikishi msomaji popote, kwani Bukhari ana vitabu kadhaa. Iko Sahihi, iko al-Adab al-Mufrad ambayo hakuishurutizia masharti ya Sahihi, na iko Tarikh yake ya wapokezi. Anayenukuu kwa kujua atakutajia kitabu na mlango, au nambari.

Ami yako kauliza swali ambalo hata mimi huulizwa sana barazani, na ndilo lililofungua mlango wa uzushi tangu zamani. Hadithi haikubaliwi kwa uzuri wa maana yake. Maneno mazuri yako mengi duniani, mengine ya wahenga wetu, mengine ya wenye hekima ambao hata si Waislamu. Mwanachuoni wa hadithi anauliza jambo moja tu: je, Mtume (SAW) ameyasema haya? Ukimnasibishia alilokuwa hakulisema umemzulia, liwe zuri namna gani. Hadithi ya "Mwenye kunizulia kwa makusudi, na ajiandalie makaazi yake motoni" imepokewa na Masahaba zaidi ya 60, ni katika hadithi zenye njia nyingi kabisa. Na Imam Muslim ameweka katika utangulizi wa Sahihi yake hadithi ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila simu: "Yamtosha mtu kuwa mwongo kusimulia kila alisikialo."

Wazushi hawakuwa maadui wa dini peke yao. Vitabu vya fani hii vinasimulia habari ya Nuh bin Abi Maryam, aliyekuwa kadhi wa Marw huko Khurasan. Alikuwa akisimulia fadhila za sura za Qurani, sura baada ya sura, akidai kazipata kwa Ikrima kutoka kwa Ibn Abbas. Akaulizwa: umezitoa wapi hizi, na wanafunzi wa Ikrima wenyewe hawanazo? Akajibu kwamba aliwaona watu wameipa mgongo Qurani, wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na visa vya vita vya Ibn Ishaq, naye akazitunga kwa kutaka thawabu. Kwa kutaka thawabu! Nia njema haikumuokoa. Jina lake limebaki vitabuni miongoni mwa wazushi. Msomee ami yako kisa hiki, kwa adabu.

Sasa swali lenyewe. Chuoni kwako bila shaka watoto wanaanza na Arbaini ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), na hadithi ya kwanza wanayo kwa moyo: "Innamal a'amaalu binniyyaat", hakika ya amali ni kwa nia. Wanavyoisoma ni hivi: kutoka kwa Amirul Muuminina Umar bin Khattab, kisha maneno yenyewe, kisha "wameipokea Bukhari na Muslim". Nawawi aliwarahisishia wanafunzi, akawaacha nje watu wote wa katikati. Ndiyo maana wengi tunakua tukidhani hadithi huanza na "Mtume amesema". Fungua Sahihi ya Bukhari, hadithi nambari 1, utaikuta hadithi hiyo hiyo ikianza mbali zaidi:

"Ametusimulia al-Humaydi Abdallah bin Zubayr, amesema: ametusimulia Sufyan, amesema: ametusimulia Yahya bin Said al-Ansari, amesema: amenipa habari Muhammad bin Ibrahim at-Taymi kwamba alimsikia Alqama bin Waqqas al-Laythi akisema: nilimsikia Umar bin Khattab juu ya mimbari akisema: nilimsikia Mtume wa Mwenyezi Mungu (SAW) akisema..."

Kati ya Bukhari na Mtume wapo watu sita. Mlolongo huo ndio sanadi, na maneno yanayofuata ndiyo matini. Kazi ya mwanachuoni ni kusimama kwenye kila kiungo.

Wewe ni mtu wa Pemba, umezoea kesi za mikarafuu. Mtu akidai kwamba mikarafuu ile ya bondeni ilikuwa ya babu yake, wazee humuuliza: nani kakwambia? Mama. Mama alimdiriki babu, au alizaliwa babu keshakufa? Alikuwa mtu mzima au mtoto? Na ndugu zake mama wanasemaje, maneno yao yanakubaliana au kila mmoja ana mpaka wake? Hapo ndipo watu wa hadithi walipoanzia, ila wao waliwauliza maswali hayo maelfu ya watu, wakayaandika majibu.

Tuitazame sanadi yetu. Bukhari alizaliwa 194 na kufariki 256 Hijria (810–870). Al-Humaydi alifariki Makka mwaka 219, na Bukhari aliingia Makka kwa hija akiwa kijana wa miaka 16, kwa hiyo wamekutana. Sufyan bin Uyayna alizaliwa 107 na kufariki 198, maskani yake ikiwa Makka, na al-Humaydi alikuwa katika wanafunzi wake wakubwa. Yahya bin Said wa Madina alifariki 143 au 144, Sufyan akiwa mtu mzima wa miaka thalathini na kitu. Muhammad bin Ibrahim, wa Madina vilevile, alifariki mnamo 120. Alqama alifariki Madina katika zama za Khalifa Abdul Malik bin Marwan, na Umar aliuawa mwaka 23. Hapana pengo. Kisha tazama vitenzi: "ametusimulia", "alimsikia", "nilimsikia". Mpokezi akisema "kutoka kwa fulani" tu bila kusema kamsikia, na akawa anajulikana kwa kuwaruka watu wa katikati, wanazuoni humsimamisha hapo hapo.

Hadithi hii hii ina jambo jingine linalowashangaza wanafunzi. Kwa njia iliyothibiti, hakuna aliyeipokea kwa Umar isipokuwa Alqama, wala kwa Alqama isipokuwa Muhammad bin Ibrahim, wala kwa huyo isipokuwa Yahya bin Said. Kwa Yahya ndipo ilipotawanyika, wakaipokea kwake watu wengi sana. Kwa hiyo kuhesabu vichwa peke yake si mizani. Mtu mmoja imara anapita, na kumi wabovu wanaweza wasipite.

Masharti ya hadithi sahihi ni matano, na aliyeyapanga kwa ibara inayosomeshwa mpaka leo ni Ibn Salah, aliyefariki 643 Hijria (1245). Sanadi iwe imeungana. Wapokezi wote wawe waadilifu. Wawe na udhibiti, yaani wanahifadhi vizuri, kwa kichwa au kwa maandishi. Riwaya isipingane na ya walio madhubuti zaidi. Na isiwe na kasoro iliyofichika. Sharti la kwanza nimekwisha kukuonyesha. Hilo la pili na la tatu ndipo watu wanapochanganya, kwa sababu sisi tukimuona mtu ana sijida usoni na tasbihi mkononi tunaona basi, kila asemalo ni kweli.

Abu Zinad, mwanachuoni wa Madina, amesema, na Muslim kamnukuu katika utangulizi wake, kwamba aliwadiriki Madina watu 100 wote waaminifu, lakini hadithi haichukuliwi kwao, kwani si watu wa kazi hiyo. Na Yahya bin Said al-Qattan (huyu ni mwingine, si yule wa kwenye sanadi yetu) akasema hakuwaona watu wema wanakosea kwa jambo kama wanavyokosea kwa hadithi. Muslim akafafanua kwamba uongo hupita katika ndimi zao bila ya wao kukusudia. Mchukue Abdallah bin Lahia, kadhi wa Misri aliyefariki 174 Hijria. Hakuna wa maana aliyemtuhumu kwa uongo. Vitabu vyake viliungua, akawa anasimulia kwa kichwa, na kichwa kikamsaliti. Wanazuoni hawakumtupa wote jumla. Walitazama nani alimsikia lini: aliyesikia kwake zamani, kama Abdallah bin Mubarak na Abdallah bin Wahb, riwaya yake ina uzito kuliko ya waliokuja baadaye. Mtu mmoja, kapewa hukumu mbili, kwa kufuata miaka.

Utaniuliza: kuwachambua watu namna hii si kusengenya? Waliulizwa hivyo hivyo na wao. Wakajibu kwamba hii ni nasaha ya dini. Ali bin al-Madini, aliyefariki 234 Hijria, mwalimu wa Bukhari, aliulizwa juu ya upokezi wa baba yake mzazi. Akasema, muulizeni mwingine. Wakamshikilia. Akainamisha kichwa kisha akasema: hii ni dini, baba yangu ni dhaifu. Katika mila zetu za kumstahi mzee, sijui ni wangapi kati yetu tungeweza.

Na wewe mwalimu wa kike nikupe jingine. Imam Dhahabi, aliyefariki 748 Hijria (1348), aliandika kitabu kikubwa juu ya wapokezi wenye kasoro, maelfu ya majina. Alipofika kwa wanawake akaandika kwamba hajui miongoni mwao aliyetuhumiwa kwa uongo wala aliyeachwa na wanazuoni. Na nakala ya Sahihi ya Bukhari yenyewe imepita katika mikono ya Karima al-Marwaziyya, mwanamke aliyeishi Makka akafariki 463 Hijria. Al-Khatib al-Baghdadi, bingwa wa hadithi ambaye tutamtaja sasa hivi, alikaa mbele yake akaisoma.

Sufyan at-Thawri alisema: wapokezi walipotumia uongo, sisi tukawatumilia tarehe. Katika karne ya tano ya Hijria, Mayahudi huko Baghdad walitoa hati wakidai imeandikwa kwa amri ya Mtume (SAW) kuwasamehe watu wa Khaybar kodi ya jizya, na chini yake majina ya Masahaba mashahidi. Waziri akaipeleka kwa al-Khatib. Akaitazama akasema ni ya uongo. Akaulizwa umejuaje. Akasema: humu yumo Muawiya, naye kasilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, mwaka wa 8, na Khaybar ni mwaka wa 7. Na yumo Saad bin Muadh, aliyefariki mwaka wa 5, baada tu ya shauri la Banu Quraydha. Shahidi mmoja alikuwa hajasilimu, mwengine keshazikwa. Hakugusa wino wala karatasi.

Linalobaki ni kasoro iliyofichika, na hili ndilo la mabingwa. Sanadi inang'aa, kila mtu mwaminifu, kila mmoja kamsikia mwenziwe, na bado kuna kitu. Dawa yake ni kuzikusanya njia zote za hadithi moja na kuziweka ubavu kwa ubavu. Nitakupa mfano utakaoujua kila unapotia udhu. Shuaba, mmoja wa vigogo wa Basra, alipokea kwa Muhammad bin Ziyad, kutoka kwa Abu Huraira. Wanafunzi wawili wa Shuaba, Abu Qatan na Shababa, waliipokea hivi: Mtume (SAW) amesema, "Timizeni udhu, ole wao visigino na moto." Sentensi moja, yote ya Mtume. Lakini mwanafunzi wa tatu, Adam bin Abi Iyas, ambaye riwaya yake imo katika Bukhari nambari 165, alisimulia kwa ukamilifu zaidi: Muhammad bin Ziyad anasema Abu Huraira alikuwa akitupitia, watu wanatawadha, akisema, "Timizeni udhu, kwani Abul Qasim (SAW) amesema: Ole wao visigino na moto." Unaona? "Timizeni udhu" hapa ni maneno ya Abu Huraira, mzee anayepita akawahimiza watu. Wale wawili waliyaunganisha bila kukusudia.

Nawe huenda ukasema, lakini amri hiyo si imethibiti? Naam, imethibiti. Katika Sahihi ya Muslim imo kutoka kwa Abdallah bin Amr, ikiwa ni maneno ya Mtume mwenyewe. Pamoja na hayo, al-Khatib na wenziwe hawakukubali ipite katika njia hii ya Abu Huraira. Maneno ni ya kweli, Mtume kayasema, ila kwa njia hii hakuyasema, basi yaandikwe hivyo. Mimi nikisikia mtu anasema maulamaa walikuwa wanabeba kila kitu, nafikiri hajapata kukutana na mfano huu.

Na matini nayo hutazamwa, tangu zama za Masahaba. Umar na mwanawe Abdallah walisimulia kwamba maiti huadhibiwa kwa kuliliwa na watu wake. Bibi Aisha (RA) alipoambiwa alirejea kwenye Qurani: "Wala mbebaji habebi mzigo wa mwengine." Akasema juu ya Ibn Umar kwamba hakusema uongo, lakini kasahau au kakosea. Wengine wakazipatanisha: anayekusudiwa ni aliyeusia au aliyeridhia watu wake wapige mayowe, na mlango wa Bukhari umeelekea huko. Sisi tulio na matanga ya siku tatu tungefaa kuusoma mjadala huo wote, si nusu yake ya kuwanyamazishia wafiwa.

Daraja za hadithi unazijua: sahihi, hasan (nzuri, chini kidogo ya sahihi), dhaifu, na ya kuzuliwa ambayo hairuhusiwi kusimuliwa ila kwa kutahadharisha. Juu ya dhaifu maulamaa wamekhitilafiana. Nawawi na wengi wameruhusu kuitumia katika fadhila za amali; Ibn Hajar al-Asqalani, aliyefariki 852 Hijria (1449), akatia masharti kwamba udhaifu usiwe mkubwa, amali iwe na asili katika dini, na mtu asiitakidi kwamba Mtume kayathibitisha maneno yale. Wapo waliokataa moja kwa moja. Usigombane na mtu kwa hili. Na uone uaminifu wa Nawawi: katika utangulizi wa Arbaini hiyo hiyo anaitaja hadithi ya fadhila ya anayehifadhi hadithi arubaini, kisha anasema mahafidhi, yaani mabingwa wa hadithi, wamekubaliana kuwa ni dhaifu, ijapokuwa njia zake ni nyingi. Kaandika kitabu cha arubaini, na hakuficha hali ya hadithi ile.

Yapo maneno kadhaa yanayozunguka kwetu ambayo ungependa kuyajua. "Tafuteni elimu ijapokuwa China": kwenye sanadi yake yumo Abu Atika, ambaye Bukhari kasema hadithi zake ni za kukataliwa, na Ibn al-Jawzi kaitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzuliwa. "Kupenda nchi ni katika imani", inayosomwa sana siku za sherehe na mikutano, haina asili. Na "Pepo iko chini ya nyayo za mama", ambayo imeandikwa mpaka kwenye kanga? Tamko hilo sanadi yake ni dhaifu. Lakini Nasai amepokea kwamba Jahima alikuja kumtaka Mtume (SAW) ushauri wa kwenda vitani, akamuuliza, unaye mama? Akasema, ndiyo. Akamwambia: "Basi mshike, kwani pepo iko chini ya miguu yake." Hiyo wanazuoni wameipa daraja ya hasan. Kwa hiyo kanga yako ivae, ila mimbarini na chuoni tutumie ya Nasai.

Mdogo wako nisimuache. Alilolisema lina chembe ya ukweli: vitabu sita mashuhuri vimetungwa katika karne ya tatu ya Hijria. Alilolikosa ni kwamba kutunga kitabu si mwanzo wa kuandika. Abdallah bin Amr alikuwa na sahifa yake aliyoiandika zama za Mtume mwenyewe. Mwaka wa kufunguliwa Makka mtu wa Yemen, Abu Shah, aliomba aandikiwe khutba aliyoisikia, na Mtume akasema, "Muandikieni Abu Shah". Imo katika Bukhari. Ni kweli ipo pia hadithi katika Muslim ya kukataza kuandika kisichokuwa Qurani, na wengi wameifahamu kuwa ni ya mwanzo, kwa kuchelea kuchanganya. Khalifa Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala 99 mpaka 101 Hijria (717–720), alimwandikia Abu Bakr bin Hazm aziandike hadithi kwa kuhofia elimu kupotea. Akaja Zuhri, aliyefariki 124, kisha Malik na Muwatta wake, aliyefariki 179 (795). Bukhari alikuta maji yanatiririka.

Na kama ameambiwa kwamba Bukhari alichagua katika hadithi 600,000, ajue kwamba hesabu hiyo ni ya njia. Maneno mamoja yakija kwa sanadi 30 wao wanahesabu 30. Sahihi yenyewe katika chapa za sasa ina nambari 7,563 pamoja na zinazokariri. Ibn Hajar alipoziondoa za kukariri alipata kiasi cha 2,600. Wala haikupokewa kwa macho yaliyofumbwa: Daraqutni, aliyefariki 385 Hijria (995), alizitia dosari riwaya kama 200 za Bukhari na Muslim, nyingi katika mambo ya sanadi, na Ibn Hajar akakaa akamjibu katika zile za Bukhari moja baada ya moja.

Huko chuo kikuu atakuwa amekutana na majina ya Goldziher na Schacht, wataalamu wa Ulaya waliosema sanadi nyingi zilitengenezwa baadaye. Asome, hakuna haramu. Lakini asome pia Muhammad Mustafa al-Azami aliyewajibu, na Harald Motzki, Mjerumani asiyekuwa Muislamu, aliyekichambua kitabu cha hadithi cha Abdul Razzaq, Musannaf, akaona kwamba sehemu kubwa ya riwaya zake zinarudi nyuma kuliko Schacht alivyodai.

Majirani zetu Maibadhi, ambao Wete na Unguja mjini tunaishi nao, wana Musnad wa Rabii bin Habib, uliopangwa na al-Warjilani katika karne ya sita ya Hijria, na kwao ndio kitabu cha juu baada ya Qurani. Wanazuoni wa Kisunni wana maneno yao juu ya sanadi ya kitabu hicho, lakini Jabir bin Zayd, ambaye Maibadhi wanamhesabu kuwa imamu wao, ni mpokezi mwaminifu hata kwa Bukhari na Muslim, na riwaya zake kutoka kwa Ibn Abbas zimo katika Sahihi zote mbili. Mizani iliangalia ukweli na hifadhi ya mtu, si ubavu wa msikiti anaosali.

Utasikia pia masheikh wetu wana ijaza, yaani idhini ya kusimulia vitabu kutoka kwa walimu wao. Kina Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdalla Bakathir wa Ukutani, waliofariki wote mwaka 1925, walisoma kwa masheikh wa Hadhramaut na Makka wakarudi na sanadi za vitabu vinavyofika kwa watungaji wake. Ni baraka na ni heshima ya elimu, ila usahihi wa hadithi leo unatazamwa katika sanadi iliyomo kitabuni.

Ikikujia nyingine simuni, tafuta maneno yake ya Kiarabu, si tafsiri, uyaingize katika Maktaba Shamila au programu nyingine ya hadithi. Usipoyapata popote, usiyatume. Ukiyapata, usiishie kwenye jina la kitabu. Tazama nani kaipa daraja na kaipa daraja gani, maana Tirmidhi na Ibn Majah wana sahihi na wana dhaifu humo humo. Ikikushinda, waulize waliosoma fani hii. Khatibu mwenye sauti nzuri si lazima awe ameisoma.

Na mdogo wako akitaka kujionea, atafute Sahifa ya Hammam bin Munabbih. Hammam alizisikia kwa Abu Huraira, aliyefariki mnamo 58 Hijria, hadithi 138, akaziandika. Muhammad Hamidullah alizikuta nakala zake Berlin na Damascus akazichapisha mwaka 1953. Nakala hizo zimenakiliwa karne za baadaye, lakini sahifa hiyo hiyo Imam Ahmad, aliyefariki 241, alikuwa amekwisha kuipokea kwa Abdul Razzaq, kutoka kwa Maamar, kutoka kwa Hammam, akaitia karibu yote mahala pamoja katika Musnad wake. Avifungue vyote viwili, alinganishe hadithi kwa hadithi, na tofauti atakazoziona aziandike kwenye kundi la familia, nami nitafurahi kuzisoma.